Mikono ya Fundi Plasta

Kila jioni, akishaosha vyombo, mke wa fundi plasta alikaa na simu yake. Mumewe alikuwa mji wa mbali, akikarabati jengo kongwe la chuo. Chuo kilikuwa kimemwajiri mpiga picha arekodi kazi yote, hatua kwa hatua, ili ujuzi wa mafundi usipotee. Video ziliwekwa mtandaoni. Nyuso zilionekana kwa nadra, lakini mikono ile aliijua.

"Mama, baba ndiye yupi?" binti yake aliuliza.

"Huyo mwenye mwiko. Ona anavyokunja kidole cha mwisho."

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya zamani. Mvua zikinyesha, ukuta wa chumbani ulilia maji. Mumewe akiwa mbali, vibarua walipiga plasta ya saruji, ikabambuka. Wakapiga tena, ikabambuka tena. Binti alikuwa haachi kukohoa.

Siku moja jirani yao alitazama video pamoja nao. Alikuwa mwashi mstaafu, na kwa jinsi alivyosimama wima, watu walimwita Bi Timazi, kama ule uzi wa fundi wa kupimia ukuta kama umesimama wima.

"Hebu irudishe nyuma," alisema. "Umeona? Mumeo anabandua saruji yote."

"Mimi nilikuwa natazama mikono."

"Najua, mwanangu. Leo tazama ukuta. Ukuta wa zamani unapumua. Saruji huuziba, unyevu ukakosa pa kutokea. Ndiyo maana anatumia chokaa na mchanga."

"Na mimi nitaweza?"

"Kwani yeye alizaliwa na mwiko? Ila vaa glavu, ukinge na macho. Chokaa inaunguza."

Wakabandua saruji, wakauacha ukuta ukauke. Kisha wakalowesha mawe kidogo, wakapiga plasta ya chokaa kwa matabaka membamba, wakaifunika kwa magunia yenye maji isikauke haraka. Kila hatua, mke yule aliitazama kwanza kwenye video. Nyingine aliirudia hata alipokwisha kuielewa.

Mvua zilipokuja, ukuta ulibaki mkavu. Kikohozi cha binti kikapungua.

Mume naye alikuwa karibu kurudi. Akapiga simu: chuo kimemwongezea kazi ya ukumbi.

"Vumilia kidogo, mama watoto."

"Haya," alijibu.

Kesho yake alianza ukuta wa sebuleni. Binti akashika simu, akairekodi mikono ya mama yake ikipiga plasta. Wakamtumia baba.

Jibu lake likaja kwa ujumbe wa sauti.

"Mwiko unaushika juu mno, mke wangu. Lakini usijirekebishe. Ngoja nije nikuoneshe mwenyewe."