Gauni Lililofichwa Kikapuni

Kila Ijumaa, jua lilipokaribia kuzama, Bibi alivua mkanda wa cherehani yake, akaukunja na kuutia mfukoni. "Nayo ipate Sabato," alisema. "Wiki nzima tunaikanyaga, maskini!" Mjukuu wake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, alicheka kila mara, akaifunika cherehani kwa shuka.

Ijumaa moja mchana, Sindano alikuwa akipiga pasi gauni la bluu la mama mmoja aliyekuwa akiozesha binti yake Jumapili. Rafiki yake alipita dirishani, na kwa soga Sindano hakuwa na mpinzani. Aliposhtukia harufu, pasi ilikuwa imeacha alama ya kahawia kifuani pa gauni. Alilikunja, akalizika chini kabisa ya kikapu cha nguo, akachukua ndoo na kwenda bombani, ambako foleni ilimweka hadi karibu na machweo.

Aliporudi, Bibi alikuwa akiukunja mkanda kama kawaida, uso mkunjufu. Safari hii Sindano hakucheka; aliifunika tu cherehani kwa shuka. Katika nyumba ile, yeye peke yake ndiye aliyeaminiwa kugusa nguo za wateja. Je, Bibi akijua, atamwamini tena? Atampenda vilevile? Usiku ule usingizi ulimpaa.

Kulipopambazuka alifua mapazia, akasugua masufuria, akang'arisha viatu vya Bibi mpaka vikameta. Bado moyo haukutulia. Basi akaingia chumba cha kushonea, akaokota vipande vya bluu ili aunge kiraka. Mkanda haukuwapo, kwa hiyo alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, mshono mmoja mmoja, jasho likimtoka. Gauni lenyewe aliogopa hata kulitazama.

"Mjukuu wangu, unaiamsha cherehani ya watu usingizini?"

Bibi alikuwa mlangoni, amekwisha kuvaa nguo za kanisani. Sindano aliangua kilio. "Bibi, nisamehe! Nimeliunguza gauni la yule mama, nikalificha. Nitafanya kazi mwezi mzima. Sitacheza. Sitakula hata..."

"Hutakula? Na huo wembamba? Utapita kwenye tundu la sindano!" Bibi alimfuta machozi. "Hebu litoe."

Sindano alilitoa kikapuni. Alitazama kifuani, akaligeuza, akatazama tena. Alama haikuwapo. Kipande chote cha mbele kilikuwa kipya.

"Nililiona jana ulipokwenda bombani," Bibi alisema. "Nikalishona kabla jua halijazama, nikalirudisha kikapuni."

"Kitambaa umekitoa wapi?"

"Kwenye kile changu."

Sindano alikijua kitambaa hicho cha bluu. Bibi alikiweka sandukuni tangu mwaka jana, ajishonee gauni la kwanza jipya baada ya miaka mingi. Machozi yakamtoka upya.

"Sasa mimi nifanye nini, Bibi?"

"Unywe chai, twende kanisani."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Ungeniambia jana, ungelala vizuri. Kuficha kumekutesa bure. Lakini sikiliza. Wewe umefua na kusugua ili nikusamehe, na mimi nilikuwa nimekusamehe tangu jana. Mungu naye ndivyo alivyo. Hatuokoki kwa wingi wa jasho letu. Yesu ameifanya kazi hiyo, akaimaliza, na gharama akaibeba yeye. Sisi tunapokea. Ndiyo maana kuna siku ya kuweka mikono chini, tukumbuke kwamba tunapendwa hata tusiposhona mshono mmoja. Jumatatu utapiga pasi tena."

"Nguo za wateja?"

"Za nani tena? Ila dirisha utalifunga!"

Kanisani, kabla mhubiri hajafika hata katikati ya mahubiri, Sindano alikuwa amelala fofofo begani kwa Bibi. Mama wa kiti cha nyuma alinyoosha mkono amwamshe.

"Mwache," Bibi alinong'ona, akimvuta karibu zaidi. "Leo yeye ndiye aliyeielewa Sabato kuliko sisi sote."