Waya wa Zamani Nyuma ya Skrini Mpya

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kijana aliingia dukani kwa fundi wa kompyuta na kumwambia, bila hata salamu, kwamba amemuuzia skrini feki. Majaribio ya timu, aliyoyafanya mtandaoni akiwa nyumbani, yalianza saa tatu. Kufikia saa tatu na robo alikuwa ameshatolewa. Ilikuwa timu ya ng'ambo, inayolipa wachezaji wa gemu na kuwapa makazi, na haichukui mtu aliyetimiza miaka ishirini na mitano. Yeye alikuwa anaitimiza mwezi ujao.

Fundi, mwanamke asiyependa kuitwa mwizi, alifunga duka akafuatana naye nyumbani.

Ndiye aliyemsaidia kuichagua skrini hiyo wiki mbili nyuma: pana, iliyopinda, inayobadilisha picha mara mia mbili na arobaini kwa sekunde. Kijana alikuja na baba yake, fundi umeme mstaafu aliyepofuka. Mzee aliipapasa skrini kama anayechagua tikiti maji, akauliza maswali kumshinda mnunuzi. Fundi aliwaonya wote wawili: ukiipa waya wa zamani, itatambaa.

Na sasa ilitambaa. Mara sitini tu kwa sekunde. Nyuma yake ulikuwa umechomekwa waya mkuukuu wa televisheni.

"Mara ya mwisho ilikuwa sawa lini?"

"Leo saa mbili. Nikaenda kuoga."

Kijana alimshuku rafiki yake aliyewania nafasi hiyohiyo, lakini huyo mara ya mwisho alikanyaga pale Alhamisi. Akamshuku dada yake, anayeolewa mwezi ujao, aliyenuna tangu skrini iingie. Dada, kwa simu, alijibu kwamba yuko saluni tangu saa moja, na waya anaoujua yeye ni wa pasi.

Fundi alikaa sebuleni kufikiri. Rimoti ilikuwa na kipande cha utepe mweusi, ncha yake imekunjwa ili kidole kiipate. Chupa ya dawa ya macho vilevile. Akafungua droo ya televisheni. Waya mpya uliokuja na skrini ulikuwa humo, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe mweusi, ncha imekunjwa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakusema ufanyeje kikiwa ni baba yako. Fundi alitamani asingeifungua ile droo.

"Shikamoo, mzee," alisema, baba wa kijana alipotokea chumbani.

"Marahaba. Nimekusikia ukivuta droo."

Fundi akamweleza taratibu: onyo la waya walilisikia watu wawili tu, na aliyeufunga huu alitaka aweze kuufungua bila kuona. Mzee hakubisha.

"Dada yako anaolewa," alimwambia mwanawe. "Wewe unaondoka. Mimi nabaki na nani? Nikasema ushindwe mara hii tu, mwanangu. Utajaribu tena mwakani. Huo waya niliutunza kwa ajili hiyo."

"Hakuna mwakani, baba. Umri unanipita."

"Hukuniambia."

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

Mzee alilia bila kujificha. Fundi alirudisha waya mpya mahali pake. Skrini ikakimbia vizuri, na hakuna aliyeitazama.

Saa sita ikawa wakati wa dawa. Kijana alifungua chupa, akainua kidevu cha baba yake, akadondosha matone mawili kila jicho, kama jana, na kama atakavyofanya kesho.