Kesi ya Dirishani

Halina Wojtas aliinua sufuria la supu hadi kwenye dirisha la kiwanda, na mikono iliyolipokea ikammwagia supu kiatuni.

"Wewe! Ndivyo mnavyounda magari hivyo?"

"Pole, mrembo," alisema kijana wa juu, masikio mekundu kwa baridi. "Tumeyagomea magari, mikono imesahau kazi."

Huyo alikuwa Verlon Stubbs. Januari hiyo mjini Flint, mji wa viwanda vya magari, wanaume walikuwa wamegoma kwa kukaa humo humo kiwandani, ili tajiri asiweke watu wengine kwenye mashine zao. Wanawake walikatazwa kuingia, magazeti yasije yakapata la kusema. Basi mapenzi yakaota dirishani: Verlon juu, Halina chini kwenye theluji, kofia nyekundu kichwani na koti la kaka yake likimpwaya.

"Mnalala wapi humo?"

"Kwenye viti vya magari."

"Na nguo mnafua?"

"Maswali yote hayo, kwani wewe polisi?"

"Nataka kujua nampenda mtu msafi au la."

Siku moja Verlon akausifu mkate wa msichana mwingine wa jikoni, Opal. Alikuwa anatania. Halina hakucheka. Kesho yake supu ikaletwa na mtu mwingine, na kesho kutwa vilevile. Verlon akashindwa kuvumilia. Akaruka dirisha, akavuka barabara, akamkuta anamenya viazi kwenye jiko lililowapikia wagomaji.

"Umetoka?" Kisu kikasimama. "Bila ruhusa? Mkitoka mmoja mmoja hivi, si polisi wataingia?"

"Nilidhani umenichoka."

"Nilikasirika! Kukasirika ni kuchoka? Twende!"

Akamkokota mpaka dirishani. Safari hii hakuna aliyenyoosha mkono. Wagomaji walikuwa na mahakama yao wenyewe. Mlevi, mvivu na mtoro wote walihukumiwa humo. Hakimu wao, mzee Orrin, fundi wa kuchomelea, akaketi kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mtoro harudi," alisema. "Labda awe ametoka kwa shida ya nyumbani. Binti, huyu ni nani wako?"

Madirisha yakajaa nyuso. Verlon akatazama chini. Halina angesema si wake, kijana angebaki barabarani na jina la msaliti. Angesema ni wake, mji mzima ungesikia kabla ya mama yake.

"Ni mchumba wangu."

"Tangu lini?" Verlon akashtuka.

"Nyamaza, uko mahakamani!"

Kiwanda kikaangua kicheko. "Shida ya nyumbani imethibitika," alisema Orrin. "Atafagia sakafu mpaka mgomo uishe. Mpandisheni. Na wewe shemeji, pole."

Wakamvuta ndani. Mara kichwa chake kikachungulia tena.

"Halina! Umenichumbia mbele ya watu wote, hata jibu langu hujasubiri."

"Jibu basi, miguu inaganda."

"Nimekubali."

"Haya. Kafagie."