Kijiti Kimoja cha Wanja

"Hivi humu ndani mnalilia nini kila asubuhi?"

Swali hilo liliulizwa na jirani yao, nesi wa hospitali ya mtaani. Alikuwa anakatiza uani kwao kwenda kazini, akawakuta wanawake watatu wamesimama kwenye karo, kila mmoja anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Tunalilia uzuri," mama wa nyumba akamjibu. "Wewe na hayo macho yako makavu utaujulia wapi?"

Wakacheka wote, na nesi akacheka, akaenda zake. Hakuna aliyelifikiria tena swali lile, mpaka lilipoacha kuwa mzaha.

Mama wa nyumba alikuwa mjane. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na harusi ilibakiza mwezi. Mkwe wake, mke wa dereva, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na futi kamba haikumtoka shingoni, hata akienda sokoni. Kwa hiyo watu wote, mpaka wa nyumbani, walimwita Fundi. Fundi alikuwa na mtoto mmoja wa kike, mdogo, bado hajaanza shule.

Kila asubuhi, baada ya sala, mama mkwe aliketi kwenye kigoda mlangoni. Mkononi alishika kikopo kidogo cha shaba, zawadi ya marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na wanja mweusi. Alikilamba kijiti, akakichovya, akajipaka. Akakilamba tena, akampaka binti yake. Kisha Fundi. Mwisho mjukuu.

"Funga jicho. Usicheze, nitakutoboa."

Hakuwa mtu wa maneno matamu, mama yule. Upendo wake ulikuwa kwenye kijiti kile. Mtu akikataa kupakwa, alishinda siku nzima akiulizwa amekosewa nini.

Sasa, mama mkwe akaugua homa. Homa ikaisha, ikamwachia vipele vya maji pembeni mwa mdomo. Viliwasha kidogo tu. Akaendelea kulamba kijiti na kupaka watu wake kama kawaida.

Baada ya siku chache jicho la kulia la Fundi likaanza kumchoma. Alihisi kama lina mchanga. Likawa jekundu, likawa linatoa machozi. Akikaa dirishani, mwanga wa jua ulimkata kama wembe.

"Ni vumbi la vitambaa vyako," mama mkwe alisema. "Nina dawa."

Akatoa kabatini kichupa cha matone. Kilikuwa kimebaki tangu yeye mwenyewe alipotibiwa macho, mwaka uliopita. Akamdondoshea Fundi, matone mawili. Kesho yake wekundu ulipungua.

"Umeona?" mama mkwe akasema. "Hospitali ya nini?"

Lakini Fundi hakuona. Wekundu ulipungua, ila mbele ya jicho pakashuka kitu kama ukungu. Gauni la wifi yake lilikuwa mezani, nusu limeshonwa. Alijaribu kutia uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili akajichoma kidole. Hakumwambia mtu. Alijua akisema, kichupa kitatolewa tena kabatini. Akabaki anamwomba Mungu kimyakimya, huku anashona kwa jicho moja.

Mchana ule nesi akaja na sketi yake ya kazini ipunguzwe. Alisimama mbele ya meza, akamtazama Fundi anavyopinda shingo.

"Jirani, mbona unaangalia kama kuku anayeviziwa?"

"Nimelala vibaya."

"Nipe hiyo futi." Nesi akaivuta futi kamba shingoni mwa Fundi, akaikunjua hatua mbili mbele yake. "Ziba jicho la kushoto. Soma hapa nilipoweka kidole."

Fundi akaziba. Akakaza jicho.

"Soma, jirani."

"Sioni namba," Fundi akasema polepole. "Naona kitu cha njano tu."

Nesi hakucheka tena. "Weka mkasi chini. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Mama mkwe akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia. "Anakwenda wapi? Dawa si anatumia?"

"Dawa gani, mama?"

Kichupa kikaletwa. Nesi akasoma maandishi, akavuta pumzi.

"Mama, dawa za macho hazifanani. Hii inaondoa wekundu juu, lakini kama kuna vijidudu, inaviachia njia kule chini. Tena imefunguliwa tangu mwaka jana. Amepata wapi ugonjwa huu?" Macho yake yakatua kwenye kikopo cha shaba, kisha kwenye mdomo wa mama mkwe, penye magamba ya vile vipele. "Mama, unapowapaka wanja, kijiti unakilowesha na nini?"

"Na mate. Unataka nikiloweshe na asali?"

"Vipele hivyo vina vijidudu. Vinaingia kwenye mate. Ukilamba kijiti, unavipeleka jichoni mwa mtu."

Mtoto aliyekuwa akichezea vifungo vya nguo sakafuni akainua kichwa.

"Kwa hiyo mimi," mama mkwe akasema, "mimi ndiye ninayempofusha mke wa mwanangu. Ndivyo ulivyokuja kuniambia nyumbani kwangu."

"Sikusema hivyo, mama. Nimesema jicho linaharibika tukiwa tumesimama hapa."

Mama mkwe akamgeukia Fundi. "Ukitoka na huyu, umekubaliana naye."

Fundi alimpenda mama yule. Ndiye aliyempokea akiwa msichana asiyejua hata kuwasha jiko, na hakumwaibisha hata siku moja mbele ya watu. Lakini sindano ndiyo ilikuwa kula yake, na jicho ndilo sindano yenyewe. Akashika mkono wa mtoto.

"Mama, sijakubaliana na mtu. Nakwenda kutazamwa jicho. Nitarudi nikupikie."

Wakatoka.

Hospitalini daktari wa macho alimtia tone la rangi, akammulika kwa mwanga wa bluu. Alitazama muda mrefu.

"Una kidonda juu ya kioo cha jicho," akasema.

"Nitaona tena, daktari?"

"Ukifuata dawa bila kuruka, natumaini hivyo. Ungekuja wiki ijayo, nisingekuahidi chochote."

Mtoto naye akatazamwa. Alikuwa mzima, na Fundi akaegemea ukuta akamshukuru Mungu.

Jioni nesi aliketi nao uani. Mama mkwe alikuwa ndani karibu na dirisha, amewapa mgongo, anachambua maharage.

"Basi ndiyo tusijipambe tena?" bi harusi akauliza. "Niolewe na macho kama ya mtu aliyefukuzwa usingizini?"

"Pambeni. Nani amesema kujipamba ni kosa? Ila wanja ni kama mswaki. Humwazimi mtu. Kila mmoja awe na wake, na usilambe wala kuutemea. Nawa mikono kabla hujajipaka. Ukitaka kulala, uoshe utoke. Ukiugua jicho, achana nao, na ule uliokuwa ukiutumia utupe."

"Na taulo?"

"Taulo vilevile. Halafu mtoto mumwache. Wanja mwingine unatengenezwa na mawe yenye sumu, na kwa macho huwezi kuutambua. Mtoto anajifuta, analamba vidole. Macho ya mtoto ni mazuri yalivyo."

Maharage yaliendelea kuanguka kwenye sufuria, moja moja.

Siku zikapita hivyo. Fundi alitia dawa, akarudi kwa daktari kila alipoitwa. Ukungu ukapungua, kwanza akaona rangi, kisha mistari, kisha tundu la sindano. Gauni likamalizika. Lakini mama mkwe hakulitaja jicho hata mara moja. Kila asubuhi alikichukua kikopo, akakishika mapajani, akakirudisha kabatini. Fundi hakumwachia mtoto akae karibu na kigoda kile. Alikuwa akijiuliza, siku ya harusi itakuwaje?

Siku ikafika. Chumba kilijaa wanawake. Bi harusi aliketi katikati, ameshavaa. Shangazi yake, dada wa marehemu, akainua sauti.

"Wifi, kiko wapi kikopo cha kaka yangu? Bi harusi apakwe macho, tutoke."

Mama mkwe akainuka, akafungua kabati. Fundi akasimama pale alipokuwa, sindano ikiwa bado mkononi. Kikopo kikatoka. Lakini nyuma ya kikopo kikatoka kifurushi cha karatasi. Ndani mlikuwa na kalamu mpya za wanja, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake.

"Nyekundu ya bi harusi," mama mkwe akasema. "Kijani ya Fundi. Nyeupe yangu. Mtoto hana."

Shangazi akaguna. "Makubwa haya. Tangu lini msichana wa nyumba hii akaolewa na wanja wa dukani? Zawadi ya kaka yangu imekuwa uchafu?"

Mama mkwe akamwendea Fundi, akaivuta futi kamba shingoni mwake, akaikunjua kwa mikono miwili.

"Ziba jicho la kushoto, mwanangu. Soma."

"Hamsini na nane," Fundi akasema.

"Na hapa?"

"Sitini na moja."

"Alikuwa hazioni," mama mkwe akawaambia wanawake wote, sauti yake imetulia. "Ni ulimi wangu huu uliompeleka huko, na Mungu akanihurumia."

Akamrudishia Fundi futi shingoni, akainyoosha vizuri. Kisha akakichukua kikopo cha shaba pamoja na kijiti chake.

"Wifi, unakipeleka wapi?" shangazi akauliza.

Mama mkwe akavuka kizingiti, akalipita karo, akaelekea chooni mwisho wa ua, akavitumbukiza vyote viwili shimoni.