Begi Lililokaa Mlangoni

Naitwa Dorkasi. Nalima pamba na mume wangu Limbu, katika kijiji kilicho nusu saa kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Kanisani naimba kwaya. Mdomo wangu haujui kupumzika, na makosa ya habari hii ni yangu, si ya mtu mwingine.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Tulikuwa kwenye palizi ya pamba. Asubuhi tunapalilia, mchana tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, jioni nakwenda mazoezi ya kwaya. Siku moja tulimwona Zengo anakuja shambani. Zengo ni mdogo wake Limbu. Alikwenda Mtwara kubeba magunia ya korosho, akakaa miaka sita. Sasa amerudi na mke mjamzito. Mke amevaa hijabu, na Zengo mwenyewe amevaa kofia ya Kiislamu.

Limbu alisimama na jembe mkononi. Zengo alibatizwa palepale kwenye lambo letu, na mimi niliimba siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Leo anatuambia kwamba amekuwa Mwislamu, kwa hiari yake. Limbu hakumfukuza ndugu yake. Aliwapa nyumba ndogo iliyo nyuma ya zizi. Lakini hatukula pamoja siku ile.

Mke aliitwa Somoe. Kesho yake nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia kwa Kiswahili cha kusini, taratibu. Nikamuuliza ametoka kijiji gani.

"Karibu na mto," akasema.

Mto gani? Akageuka akaingia ndani. Mimi nikaondoka na neno moyoni. Mtu mwenye kwao anataja kwao.

Tangu hapo nikawa namchunguza. Mchana kweupe anajifungia kwa komeo. Pikipiki ikipiga kishindo barabarani, anaruka. Na kulikuwa na begi. Lilikuwa begi jeusi, limejaa, zipu imefungwa, limekaa nyuma ya mlango siku zote. Nilikwenda kuazima ungo, nikataka kulisogeza ili nipite. Somoe akanidaka mkono.

"Liache," akasema.

Wiki ileile redio ilitangaza habari za magaidi ng'ambo ya mpaka wa kusini. Wanachoma vijiji, wanachinja watu. Nikaunganisha mambo: kusini, hijabu, begi. Nikajiambia, tumekwisha.

Jioni nikawaeleza wanakwaya wenzangu. Walisikiliza, lakini hawakushtuka nilivyotaka. Domitila wa sauti ya pili akaniuliza, kwani begi ni ajabu gani? Nikaona habari yangu inapoa. Basi nikatia chumvi. Nikasema nimeona nyaya zinatokeza kwenye zipu. Hapo wote wakanisogelea, na mimi nikajiona mtu wa maana.

Nyaya sikuziona. Naandika hivyo ili msomaji ajue mapema.

Neno likatembea kuliko mimi. Siku ya nne sungusungu, walinzi wetu wa jadi, waliita dagashida. Huo ni mkutano wao wa kijiji kizima. Kiongozi wao, Mayige, alimtaka Zengo alete begi mbele za watu alifungue. Zengo akakataa. Alisema begi ni la mke wake, na mke wake amepekuliwa vya kutosha katika maisha yake. Akamwomba Mayige aite polisi, yeye yuko tayari kuhojiwa. Mayige hakutaka habari ya polisi. Alisema kijiji kinajilinda chenyewe.

Wakamtenga. Sisi Wasukuma tunajua kutengwa ni nini. Husalimiwi. Huchoti maji bombani. Mashine ya kusaga haikusagii unga. Pikipiki haikubebi. Anayekusaidia anatozwa ng'ombe dume, na akikataa anatengwa naye. Limbu alirudi nyumbani kichwa chini. Aliniuliza kama kweli niliona nyaya. Nikamwambia niliona. Kusema kweli wakati ule niliogopa, na kadiri siku zilivyopita nikaogopa zaidi. Miezi miwili na zaidi Somoe alikinga maji ya mvua kwa sufuria, na mimi nilipita zizini nikitazama pembeni.

Mwezi wa nne, asubuhi ya mvua, Zengo alikuja akasimama nje ya ua wetu. Limbu alikuwa ametoka na ng'ombe. Zengo alikuwa amelowa na miguu yake ina tope mpaka magotini. Uchungu ulimwanza Somoe alfajiri. Zengo alikuwa amekwenda kwa waendesha pikipiki wote watatu wa kijiji, wote wakamkatalia.

"Shemeji," alisema, "sikuombi salamu. Naomba mikono yako tu."

Nilifikiria ng'ombe dume. Nilifikiria Mayige. Halafu nikasikia sauti ya Somoe kutoka kule nyuma ya zizi, na mimi nimezaa mara tano, najua sauti ile maana yake nini. Nikaenda.

Somoe aliponiona aligeuza uso ukutani. Zengo alimwambia ni mimi tu niliyepatikana. Damu ilikuwa imeanza kumtoka, na mtoto bado. Nikasema twende zahanati, tufunge ng'ombe kwenye mkokoteni wa Limbu. Somoe akanyoosha kidole mlangoni.

"Begi," akasema. "Fungua, toa kadi."

Nilivuta zipu nikiwa nimefumba jicho moja. Ndani kulikuwa na kadi ya kliniki, kitambulisho, kanga mbili, wembe mpya, nguo za mtoto na chupa ya maji. Chini kabisa kulikuwa na picha ya mzee mmoja, imefungwa kwenye nailoni. Hapakuwa na kitu kingine. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Tulimpakia. Zengo aliongoza ng'ombe, mimi nilimshika Somoe mabega kwenye tope lile. Watu walisimama milangoni wakitutazama, hakuna aliyesalimia. Muuguzi wa zahanati, Evalina, alimpokea akafunga mlango. Tulikaa nje muda mrefu. Tulisikia mtoto analia, lakini Evalina hakutoka. Alikuwa anahangaika na damu. Alipotoka, gauni lake lilikuwa jekundu mpaka kiunoni.

"Wako hai wote wawili," alisema. "Mngechelewa nusu saa, mngerudi na maiti. Kwa nini hamkuja mapema?"

Zengo alinitazama. Ikabidi niseme mimi.

Evalina alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni Mkristo, na kabla ya kuhamishiwa kwetu alifanya kazi miaka mitatu kwenye kituo cha afya huko huko mpakani kusini. Alinikalisha kwenye benchi akaniuliza kama polisi.

"Ulimwona na silaha?"

"Hapana."

"Ulimsikia yeye au mumewe wakiwashawishi vijana waende kuua watu?"

"Hapana."

"Na nyaya?"

Nilitazama sakafu. "Sikuziona. Niliongeza."

Akashusha pumzi. Aliniambia ugaidi upo kweli, si hadithi, na kila mwananchi ana wajibu wa kuuzuia. Ukiona mtu anaficha silaha, au anawakusanya vijana kwa siri na kuwafundisha kuua, nenda kwa mtendaji au polisi. Useme kilichoonwa na macho yako, basi. Usitangaze njiani. Hijabu si ushahidi. Kofia si ushahidi. Kutoka kusini si ushahidi.

"Kule niliwafunga vidonda Waislamu na Wakristo katika chumba kimoja," alisema. "Magaidi hawakuwauliza wanaswali wapi. Wewe ndiye uliyeuliza."

Nikamwambia linaloniuma zaidi ni Zengo kuiacha imani yetu. Evalina hakunicheka. Alisema inauma, na hata yeye ingemuuma.

"Lakini kumbuka yule kijana tajiri aliyemwacha Yesu akaenda zake kwa huzuni," alisema. "Yesu alimpenda, na alimwacha aende. Hakumtuma Petro amrudishe kwa panga. Imani ya kulazimishwa si imani, dada. Sheria ya nchi pia inampa kila mtu haki ya kuchagua dini yake, au kubadilisha. Wewe ukitaka uhuru wa kuimba kwaya, mlindie na mwenzako uhuru wake."

Jioni niliingia kumwona Somoe. Mtoto wa kike alikuwa amelala kifuani kwake. Nilimwomba radhi, na habari ya nyaya nikamwambia yote. Alimfunika mtoto kwa kanga. Kisha alinieleza, akitazama dirisha. Baba yake alikuwa mwalimu wa madrasa. Wale magaidi walikuja kudai vijana aliowafundisha, mzee akakataa kuwatoa. Walimuua mbele ya msikiti. Somoe alivuka mto wa mpakani na kanga moja mwilini na ile picha ya baba yake, basi.

"Tangu siku hiyo begi langu linakaa mlangoni," alisema. "Na sitaji kwetu, kwa sababu nikitaja watu wananikimbia. Hapa sikutaja, na bado mkanikimbia."

Hakusema amenisamehe.

Nilimwambia Limbu ukweli wote, na Jumamosi iliyofuata nikamwomba anisindikize kwenye dagashida. Evalina alikuwa amempigia simu mtendaji wa kijiji, naye alikuja na Athanasi, askari polisi wa kata. Nilisimama mbele ya watu wote, wanakwaya wakiwepo. Nilisema sikuona nyaya, nilitunga, na mke na mtoto wa Zengo walikaribia kufa kwa ulimi wangu. Mtu mmoja nyuma alitukana, na haki alikuwa nayo.

Mtendaji alisema hakuna mkutano wenye mamlaka ya kumnyima mtu maji wala njia ya hospitali. Athanasi aliongea na Zengo pembeni, akatazama vitambulisho na karatasi za Somoe, akasema ameridhika. Akawaomba sungusungu wampelekee taarifa wanapokuwa na wasiwasi, wasihukumu. Mayige alikuna shingo. Mwishowe alisema neno moja: wamefunguliwa.

Siku hiyohiyo Limbu alimbebea Zengo ndoo mbili za maji, yeye mwenyewe. Kwaya walinisimamisha miezi miwili, na nilikubali. Somoe aliitikia salamu zangu, lakini hakunikaribisha ndani. Nikipita karibu na mtoto, alimvuta kwake. Safari hii aliyechunguzwa ni mimi.

Mwezi wa sita, wakati wa kuvuna pamba, ilifika Idi ya kuchinja. Zengo na Somoe walitaka kwenda kuswali Bariadi mjini. Kulikuwa na baridi ya asubuhi na vumbi jingi, na mtoto alikuwa na mafua. Nilikuwa nimekaa uani nachambua pamba, natenga safi na fifi, ile chafu ya bei ya chini, nikaona kivuli mbele yangu. Somoe alikuwa amevaa nguo mpya. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akaniwekea mtoto mikononi.

"Ameshanyonya," alisema. "Nitarudi saa nne."

Akapanda pikipiki nyuma ya mumewe. Nilimtazama mpaka walipofika barabara kubwa. Hakugeuka nyuma hata mara moja.