Aliyeambiwa Ingia

Wewe unayebinua mdomo hapo, ukitaka kucheka subiri nimalize. Sikukuita uamini, nimekuita usikilize.

Mwanangu ni fundi wa kurekodi muziki. Studio yake ni chumba cha nyuma ya nyumba: huku mashine na kiti chake, kule kijumba cha kuimbia chenye pazia zito. Mwimbaji ni mkewe. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mapigo ya salsa, wa kukata kiuno, piano inarukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa.

Kwenye kazi ile, zamu ya mwimbaji ikifika fundi humwambia neno moja tu: "Ingia." Maana yake, anza kuimba. Adhuhuri moja nimesimama mlangoni, mwanangu amevaa visikizio masikioni, macho kwenye mashine, piano ikafika mahali pake akasema, "Ingia."

Sauti ikaingia. Tamu, na haikupishana na mapigo hata kidogo.

"Hapohapo, mke wangu," akasema. "Leo umekula nini?"

"Sijala kitu," mkewe akajibu nyuma yake, kikombe cha maji mkononi. "Nani huyo anaimba?"

Nikafunua pazia mwenyewe. Hakuna mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua. Jini lilikuwa karibu, likasikia linakaribishwa.

"Futa," nikamwambia.

"Mama, sauti kama hii nitaipata wapi tena?"

Akaisikiliza mchana kutwa, na kesho yake, na kila alipoirudia sauti ya kwenye spika ilizidi kufanana na ya mkewe, ile r yake ya kulegea, kikohozi chake, hata kicheko chake cha puani, na mkwe wangu naye akazidi kukauka koo, akapoteza kwanza nyimbo, kisha salamu, kisha jina la mumewe, hadi siku ya tatu akafungua mdomo nikaona ulimi unacheza na hakuna kinachotoka.

Nikamshika mkono nikaenda naye studio. "Futa, baba. Mkeo anakwisha."

"Umebaki ubeti mmoja tu, mama."

Muziki ulikuwa umezimwa. Spika ikasema taratibu, "Mama, huyo uliyemshika mkono ni nani? Mimi niko huku."

Mwanangu akanigeukia, anatabasamu. "Umemsikia mke wangu?"

Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa na joto. Yule wa kwenye kiti nilimzaa. Huyu nililetewa tu. Nikamvuta huyu, nikatoka naye, nikafunga mlango.