Ganzi Isiyoshika

Kila asubuhi Daktari Musili alifungua kliniki yake ya meno pale Tala kabla wauza mitumba hawajatandaza nguo. Alipiga deki mwenyewe. Vyombo alivitia kwenye mashine ya mvuke mwenyewe. Hata kibao cha mlangoni alikichora mwenyewe. Miaka tisa alifanya kazi bila bosi, na jambo hilo alimweleza kila aliyeketi kwenye kiti chake, kinywa wazi, asiweze kumjibu.

Lakini tangu mwezi wa tatu mwaka huo wa 1998 hakuwa na raha. Alidunga sindano ya ganzi, akangoja, akashika koleo, na mgonjwa akapiga mayowe. Aliongeza sindano ya pili, mayowe yakawa yale yale. Sokoni kina mama walianza kuiita kliniki yake Kwaya. Wakimwona mtu ameshika shavu, walimuuliza kama anaenda kuimba sauti ya kwanza au ya pili.

Musili alisikia yote. Chakula kikamshinda. Nyumbani alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Alimwambia mkewe, Wavinya, kwamba huenda mikono imekwisha. Kama imekwisha, atafunga kliniki, kwa maana hakusomea kutesa watu.

"Baba Mwelu, uliza wenzako," Wavinya alisema. "Si chama cha madaktari wa meno hukutana Machakos kila mwezi?"

"Wenzangu gani? Hao ni watu wa kunywa chai na kupigana picha. Nilipoanza hapa, ni nani kati yao alinishikia hata ufagio?"

Wavinya akaondoa mezani chakula ambacho mumewe hakukigusa. Alimjua mumewe.

Wiki hiyo akaja Kavutha, muuza nyanya, na gego lililooza. Kavutha hakuwa mtu wa kulia ovyo. Musili alipolivuta jino, Kavutha alisikia maumivu yote, akausukuma mkono wa daktari, na jino likavunjika. Mzizi ukabaki ndani. Alisimama na pamba mdomoni, akasema amezaa watoto watano na hakuna aliyemuumiza hivyo. Kesho yake shavu lilivimba. Mumewe akampeleka Machakos mjini kwa Daktari Kamanthe, mwanamke ambaye Musili alimtangulia chuoni miaka miwili.

Siku mbili baadaye Kamanthe mwenyewe alisimama mlangoni pa kliniki ya Tala. Musili aliamini amekuja kumcheka, wala hakumpa kiti.

"Kavutha yuko na nafuu," Kamanthe alisema. "Nimempa dawa, uvimbe unashuka. Mzizi utatolewa wiki ijayo. Sasa nionyeshe ganzi yako."

Musili alibwaga boksi mezani. Alieleza kwamba aliinunua kwa mchuuzi yule yule wa siku zote, na tarehe yake ya kuisha ilikuwa bado mwaka mzima. Kamanthe alisoma namba iliyopigwa ubavuni mwa boksi. Kisha akatoa barua ya chama kwenye mkoba. Barua iliwaonya wanachama kwamba maboksi ya namba hiyo yalikaa muda mrefu kwenye stoo ya joto kali, na dawa imepoteza nguvu.

"Hii ilitumwa mwezi wa pili," alisema. "Ilimfikia kila mwanachama."

"Mimi si mwanachama."

"Ndiyo maana nimeileta kwa mkono wangu."

"Dawa yangu ni nzima."

Musili akajaza sindano, akajidunga mdomo wake wa chini. Walikaa dakika kumi, kila mmoja akiitazama saa ya ukutani. Kisha Musili alichukua chuma chenye ncha akajichoma pale pale. Machozi yakamtoka. Halafu akacheka, kwa sababu mikono yake haikuwa na kosa. Halafu akaacha kucheka. Aliwakumbuka waliolia kwenye kile kiti.

"Kwenu mnachimba matuta ya shamba na nani?" Kamanthe aliuliza.

"Na mwethya, majirani wote kwa zamu."

"Majembe thelathini kwa shamba la mtu mmoja, na hakuna anayekuambia umeibiwa shamba. Lakini kwa meno umeshika jembe peke yako ukisema huo ndio uanaume."

Alimweleza pole pole. Katika chama, anachokiona mmoja hukijua wote. Kuna masomo ya matibabu mapya. Ukiugua, mwenzako huwaona wagonjwa wako. Ukishtakiwa bure, wapo wa kueleza ukweli. Ukikosea, wanakuambia usoni. "Kliniki itabaki yako," alimalizia. "Hata deki utapiga mwenyewe."

Jumamosi Musili alikwenda Machakos kwenye mkutano wa chama. Njiani alitunga maneno ya kujisifu. Alipopewa nafasi, alisema tu kwamba amewadunga watu ishirini na watatu dawa iliyokufa. Hakuna aliyecheka. Walimuuliza yule mchuuzi hupitia masoko gani, wakaandika, ili wakaguzi wa dawa wamfuate. Daktari mmoja mzee alimgawia ganzi nzima ya kuanzia. Musili akajaza fomu ya uanachama, mdomo bado umevimba.

Jumatatu alizunguka soko, akiwaomba radhi wagonjwa wake mmoja mmoja. Alimkuta Kavutha akipanga nyanya.

"Mwaitu, mama yangu, ile dawa ilikuwa mbovu," alisema. "Na mimi sikuuliza mtu. Nisamehe. Ukitaka Daktari Kamanthe akutoe huo mzizi, nitakupeleka mwenyewe."

Kavutha alipanga nyanya nne kabla ya kumjibu.

"Siku zote wewe huongea sana, daktari. Leo umeongea kidogo. Nitakuja kwako."

Alikuja Alhamisi. Alifumba macho, akang'ang'ania mikono ya kiti, akawa anasali chini chini. Musili alidunga, akangoja, akaigusa fizi, akamuuliza, akaigusa tena. Kisha akainama kazini. Nje wauzaji walikuwa wamenyamaza, wakitega masikio.

Kavutha alingoja. Akangoja sana. Mwisho alifumbua jicho moja.

"Daktari, unaanza lini?"

Musili akamsogezea sahani. Mzizi ulikuwa umelala ndani yake.